Neno Nililolipeleka Usinge

Sifa ni zako, Bwana, uliyenifikisha uzeeni ukaniachia meno ya kutosha kuchekea.

Mpwa wangu, aliyekuwa akijifunza useremala hapa Ipuli, alipompenda binti wa Usinge, nilitumwa mimi kuwa mshenga. Nikapanda treni, kwenye reli inayofuata njia ya zamani ya misafara, nimevaa suti yangu ya ibada na nimepakata kiti alichokitengeneza mpwa wangu kwa mkono wake. Kilikuwa zawadi kwa bibi wa binti. Bila bibi huyo kukubali, hakuna ndoa.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia bibi nilipofika kwake.

"Marahaba, mshenga. Karibu." Akakikalia kiti. Kikainama kushoto, naye akainama nacho. Akajiweka sawa, kikampeleka kulia.

"Mshenga, umeniletea kiti au mwalimu wa ngoma?"

Jikoni wanawake wakaangua kicheko. Niliona ndoa ya kijana wetu inaponyoka kwa ajili ya mguu mmoja mfupi. Nikasimama, nikanyoosha koti, nikatoa neno nililolipata kwenye semina ya wazee wa kanisa.

"Mama, kijana huyu ana potenshialiti!"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni uwezo ambao Mungu ameshauweka ndani ya mtu, ila bado haujakomaa."

Bibi akashuka, akakipindua kiti, akakikagua. "Sasa iko mguu gani? Maana huu hapa hauna."

Hapo shangazi wa binti akatokea jikoni, ameshika mwiko wenye ugali.

"Mama, usimcheke mgeni wa watu. Ona ugali wa mjukuu wako, madonge matupu! Na yeye tuseme ana nini?"

Bibi akautazama mwiko, akanitazama mimi. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Potenshialiti!" akapaza sauti, machozi yakimtoka. "Basi waoane, wakakomae pamoja!"

Nilicheka mpaka tai ikanikaba. Tukasali kushukuru, kisha nikala ugali ule wote, donge kwa donge, kwa furaha.

Siku hizi nikienda kwa wanandoa hao nakuta ugali laini, na viti vya mpwa wangu vinasimama wima. Kile cha kwanza tu bibi hataki kirekebishwe. Anasema akikikalia anacheka bure.

Nawe unayesoma, Mungu akukomazie taratibu alichopanda ndani yako, na akupe watu wa kucheka nao wakati unasubiri.