Papai Kwanza, Ndizi Mwisho

Kwetu mwanamume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mamake. Hakuna mahali palipoandikwa. Unajua tu, kama unavyojua kutokalia kiti cha mzee. Kwa hiyo mama alipoteleza kwenye mteremko wa shamba na kurudi kutoka hospitalini Embu akiwa ameumia mguu na kiuno, hawezi kusimama, nilimkatia matunda barazani, nimeketi kwenye kigoda, ubao magotini, bakuli miguuni.

Baba alikuwa amefariki, na ndugu zangu walikuwa na miji yao. Mke wa kaka yangu alikuja kila asubuhi, akapika, akaenda shambani kwake. Mchana mama alikataa chakula. Alitaka matunda, na alitaka yakatwe saa ileile. Mimi nilikuwa kitinda mimba, nimemaliza chuo cha ualimu, nangoja kupangiwa shule. Nani mwingine angekata?

Aliniamuru kutoka kitandani, kupitia dirishani.

"Papai kwanza. Ndizi mwisho, itakuwa nyeusi."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo papai umekata kubwa. Ni ya ng'ombe?"

Nikakata tena. Papai, embe, nanasi likiwepo, juu yake nikakamulia pasheni mbili na nusu ya ndimu, kisha ndizi. Ilikuwa kazi ya robo saa, lakini robo saa hiyo ilikaa katikati ya kila siku kama kisiki shambani, na chochote nilichopanga kilibidi kizunguke. Huko Kangeta, kijana niliyelala naye bweni moja chuoni alikuwa tayari akiitwa mwalimu. Mimi nilikuwa nikiulizwa kama papai ni ya ng'ombe.

Barua yangu ilipofika ilinitaka niripoti shule moja upande wa Isiolo, Jumatatu ya wiki ya pili, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Nilimsomea mama. Siku hizo alikuwa ameanza kujikokota kwa mkongojo hadi mlangoni.

"Nenda, baba," akaniambia. "Mimi nitajisaidia."

Asubuhi iliyofuata hakuweza hata kuketi.

Majirani walinipa pole, wakaongeza kwamba radhi ni bora kuliko mali. Nilichoshwa na methali hiyo. Acha niseme ukweli: kuna siku nilimtazama akitafuna nanasi taratibu nikatamani kulia, na si kwa kumhurumia yeye.

Ijumaa kabla ya Jumatatu ile nilishuka soko la Manyatta kununua machungwa. Sikufika. Njiani nilikutana na mama mmoja kutoka Mbeere akipandisha kikapu cha machungwa na maembe, nikanunua palepale, nikarudi. Nilipoingia uani nilisikia kisu kikigonga ubao jikoni. Nikadhani ni shemeji. Mlango ulikuwa wazi.

Mama alikuwa amesimama. Hakuegemea kitu. Alikuwa amenipa mgongo, anakata papai harakaharaka, vipande vikubwavikubwa, na kuvila hapohapo ubaoni huku akiimba wimbo wa kanisani. Ganda likaanguka. Akainama, akaliokota, akainuka bila kushika kiuno.

Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nilitaka niingie nimshike mkono, nimwambie nimekuona. Mguu wangu ulifika kizingitini ukagoma. Hapo nikaelewa kwamba katika boma lote alikuwa na mahali pamoja tu pa kuwa mzima, pale ambapo mwanawe hawezi kukanyaga. Na mimi, mwalimu mwenye cheti, nikarudi kinyumenyume hadi nje ya lango. Nikangoja kidogo, nikalibamiza, nikakohoa mara tatu. Nilipofika barazani, kitanda cha mama kilikuwa bado kinalia.

Nikaketi, nikakata. Nilipompelekea bakuli alilipokea kwa mkono uliokuwa na mbegu nyeusi ya papai imenata kwenye kidole gumba.

"Mguu waonaje leo?" nikamuuliza.

"Bado unasumbua."

"Mama, una mbegu ya papai mkononi."

Aliitazama. Hakuifuta. Akageukia dirisha, akakitazama kigoda changu pale barazani.

"Ukienda," akasema, "nitamwambia nani amekata kubwa?"

Kutoka langoni nilikuwa nimekuja na maneno makali, na nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilichukua bakuli matunda yalipokwisha, nikaenda kuliosha.

Jumatatu basi la kwenda Isiolo liliondoka bila mimi. Sikumwambia mama kitu. Saa sita aliniona tu nimeketi barazani, ubao magotini, nikitoa mbegu za papai kwa kijiko. Akatoka ndani kwa miguu yake, bila mkongojo, akavuka ua sawasawa, akaingia jikoni, akarudi na kisu cha pili na kigoda chake. Akaketi kando yangu.

Nilifurahi kumwona akitembea. Na papo hapo nilijua kwamba sitatoka boma lile tena, na kwamba hakuna aliyenifungia lango ila mimi.

Alichukua kipande cha papai nilichokata, akakigeuza vidoleni, akakitia mdomoni.

"Kubwa," akasema.