Mashini Niliyoipima Kama Fromaji

Kwetu Bihambwe, mutu akijua ngombe anafikiri anajua dunia yote. Mimi njo nilikuwa wa kwanza katika ujinga huo. Baba alinifundisha kunyanyua fromaji, ile jibini yetu ya maziwa, kwa mikono miwili, kuigonga na kidole, na kusema palepale kama iko nzuri ao iko na hewa ndani. Nzito njo ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna vitu visivyopimwa hivyo.

Miaka ile ya vita nilikuwa kijana wa haraka, na hasira zangu zilikuwa karibu. Nilikuwa na muchumba kule senta ya Nyabiondo, binti aliyekaanga mandazi kando ya njia, na baba alikuwa amenitengea mutamba mumoja wa mahari. Nikamuomba tumuuze, ninunue mashini ya michezo, ile ya kuunga kwenye televizyo, nifungue chumba cha vijana Nyabiondo. Nikaapa kwamba nitarudisha mutamba mwingine kabla ya harusi.

"Na ukishindwa," baba akasema, "utaoa na maneno?"

Lakini akamuuza. Kule mujini Goma, muuzaji aliniwekea mashini mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, nyembamba, ya zamani. Ingine ilikuwa mpya, nyeusi, nene. Nikanyanyua hii, nikanyanyua ile, nikagonga na kidole. Muuzaji alicheka mpaka akashika tumbo. Nikakasirika, nikachukua nzito.

Siku za kwanza chumba changu kilijaa pomoni. "Bwana we, mpaka jasho la muchezaji linaonekana!" walipiga kelele. Nilitembea Nyabiondo yote kifua mbele. Lakini ng'ambo ya njia kulikuwa muzee mumoja tuliyemuita Papa, muchuuzi wa upande wa Butembo. Kwenye kona ya duka lake la chumvi na sabuni alikuwa na mashini ndogo ya siku nyingi, sawa kabisa na ile niliyoidharau. Picha yake ilikuwa na ukungu wa asubuhi. Na watu wangu wakarudi kule, mumoja mumoja! Wa kwanza kunihama alikuwa shemeki wangu, kaka mukubwa wa muchumba wangu. Baba yao alikwisha kufa, kwa hiyo yeye njo angepokea mahari. Nilimusikia anavyocheka kule, nikatamani kumutupia kiatu.

Nikafikiri ni umeme, maana mashini yangu ilikunywa batri yote ya jua kabla mechi haijaisha. Nikaongeza batri. Bure. Nikaongeza disiki. Bure tena. Mwisho nikamufokea muchumba wangu, kama vile kosa lilikuwa lake: "Ndugu yako anatafuta nini kule?"

Akageuza mandazi yake polepole. "Weye ulichagua kama mutu wa ngombe," akasema. "Wao wanaangalia nani iko pale. Kwa Papa kuna kale ka karte kadogo ka ndani ya mashini, kanashika kumbukumbu ya shampiona yao, ligi yao yote. Kila mutu iko mule na ekipe yake ya mupira. Kaka yangu iko wa pili. Akuje kwako kuanza na sifuri?"

Nilinuna siku mbili, maana alisema kweli.

Kabla sijajua la kufanya, risasi zikaanza kulia mlimani, na Nyabiondo nzima ikashika njia. Nilifunga mashini ndani ya blanketi, nikaibeba mugongoni. Siku ile njo nilijua uzito wake vizuri. Papa alibeba chumvi, akaacha mashini yake. Muchumba wangu akamuuliza, "Papa, na karte?"

Akaichomoa, akamupa mbiombio. "Chukua, mama! Mimi sitaikula!"

Muchumba wangu akaifunga kwenye pindo la kitenge chake. Shemeki hatukumuona. Watu walisema alishika njia ya Walikale.

Kambini Lushebere, kila asubuhi muchumba wangu alienda kuuliza watu wa pikipiki habari za kaka yake. Sikuwa na mutamba, na mwenye kumupokea hakuwepo. Harusi yangu ilikuwa hewa tupu. Siku moja akaniwekea ile karte mukononi. Nikaenda Masisi, nikabadilisha mashini yangu nzito na ndogo ya zamani ya mwenye baa mumoja, sawa na ile ya Papa. Sikuipima. Mwenye baa aliniangalia kama mutu wa kupelekwa hospitali.

Tulipoiwasha kambini kwenye televizyo ya kuazima, ekipe zote za Nyabiondo zikatokea. Kelele ilipanda mpaka mama mumoja akaacha maharage yake motoni, akakuja kuuliza nani amezaa. Watu walijaa toka asubuhi. Baada ya miezi, baba alikuja kumupima nyonga mutamba mupya niliyemununua kwa pesa ya michezo, akaguna tu, na kwake kuguna ni sifa.

Halafu shampiona ikafika kwenye mechi ya shemeki. Mashini haikukubali kuiruka.

"Tumuchezee tu," watu wakasema. Na mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wao, maana niliogopa watanihama mara ya pili. Muchumba wangu akasimama mulangoni na mwiko wake wa mandazi. "Atakayegusa ekipe ya kaka yangu ataniona."

Nikamuangalia usoni, hasira zangu zote zikaisha. Nikatoa karte, nikamurudishia. Tukacheza mechi za kirafiki tu. Watu walinung'unika, wengine walinitukana wazi, lakini kesho yake walirudi. Na watu wa pikipiki wakabeba habari mpaka Walikale: shampiona ya Nyabiondo imesimama, inangoja mutu mumoja.

Muchana mumoja akaingia mwanaume mwembamba, matope mpaka magotini. Hata salamu hakutoa. "Nani amecheza ekipe yangu?"

Muchumba wangu alishindwa kwanza kufungua pindo la kitenge, akalifungua kwa meno. "Hakuna mutu," akasema. "Tulikungoja, kaka."

Tukaingiza karte. Shemeki akashika maneti, ile ya kubonyeza kwa vidole, akaona ekipe yake bado iko ya pili, mechi yake haijaguswa. Akaweka maneti chini, akalia, mutu muzima yule, mbele ya wachezaji wote. Hakuna aliyemucheka.

Kesho yake alipokea kamba ya mutamba bila hata kumuangalia, maana alikuwa anakimbilia mechi.