Lesian, Mvua Imenyesha

Mwalimu Elinipa hajui kufundisha akiwa amekaa. Chekechea yake iko nyuma ya kanisa, ukishapita kituo cha Kwa Mrombo, na mimi ndiye ninayepika uji pale, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Elinipa ni Mmeru wa mlimani, mtoto wa migomba na kahawa, mfupi, sauti kubwa. Watoto wake karibu wote ni wa wafugaji wa Kiarusha.

Somo analolipenda kuliko yote ni la wanyama na majira. Hachori ubaoni. Kila mtoto anakuwa mnyama. Akisema "Kiangazi!" vyura wanajificha chini ya madawati, mchwa wanakusanya punje za mahindi kwenye kona, na nyumbu na mbayuwayu wanatoka mbio hadi jikoni kwangu na kunimwagia maji. Kisha anapiga debe. Hiyo ndiyo mvua. Darasa zima linawaita waliohama: "Nyumbu, rudi! Mbayuwayu, rudi! Mvua imenyesha!" Nao wanarudi kwa vifijo. Nilikuwa nagomba kila mara, na kila mara nilicheka.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kikali, mpaka mlima Meru ukiutazama unaona vumbi tu. Siku moja Elinipa akauliza nani mwingine huhama majani yakiisha. Nalepo, mbayuwayu wetu mdogo, akanyoosha mkono.

"Kaka yangu Lesian. Amehama na ng'ombe, yuko Simanjiro."

"Vizuri sana! Na mvua ikinyesha?"

"Atarudi!"

"Atarudi," akasema mwalimu, akachukua debe. Watoto wote wakaita, "Lesian, rudi! Mvua imenyesha!" Nalepo alicheka hadi machozi yakamtoka.

Hatukujua. Lesian alikuwa ameshakufa kwa homa huko huko malishoni, wakamzika huko, na Nalepo akaambiwa kaka bado yuko na ng'ombe. Familia ile inashika mila: mtu akifa, jina lake halitajwi tena. Kwao Elinipa marehemu huzikwa migombani karibu na nyumba, na jina lake hutajwa hata watu wakinywa chai. Angejuaje? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini nyumba ile ilificha hata kilio. Mila siigombi. Hasira yangu ni kwa watu wazima wanaosema mtoto hana haja ya kujua. Mtoto asipoambiwa, hujiambia mwenyewe.

Mvua ya vuli ilianza Jumamosi. Jumatatu asubuhi mama yake Nalepo, Silantoi, akaja shuleni na mtoto mkononi, akamwacha darasani na kumfuata mwalimu jikoni. Nilidhani amekuja kugombana, nikashika mwiko vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema Elinipa.

Hakuitikia. "Mwalimu, wewe ndiye umemfundisha mtoto wangu kuita?"

"Kumwita nani, mama?"

"Kijana wangu. Yule wa ng'ombe. Hayupo, mwalimu. Amebaki kule kule, kwenye udongo."

Elinipa akamsogezea kigoda.

"Mvua ilipoanza," Silantoi akaendelea, "mtoto alichukua debe akasimama uani. Nilikuwa ndani. Jina lile halijatajwa kwangu tangu habari ilipofika. Niliposikia linaitwa, nilisema amekuja. Nilitoka mbio, sikuvaa hata viatu. Nikamkuta huyu mdogo, analoa, anapiga debe."

Nilimpa kikombe cha uji, akakishika tu. Elinipa alilia waziwazi, akaomba radhi, kisha akaomba ruhusa ya kumwambia mtoto ukweli.

"Mwambie wewe," Silantoi akasema. "Mimi mdomo umekataa."

Elinipa akamwita mtoto kutoka darasani, akamwambia pale pale jikoni, mama yake akisikia. Hakusema kaka amelala, wala hakusema amesafiri. Alisema Lesian aliugua, akafa, na aliyekufa harudi hata mvua ikinyesha.

Nalepo alifikiri. "Hata nikipiga debe kwa nguvu?"

"Hata ukipiga kwa nguvu, mwanangu."

Hakulia. Ningetamani angelia. Alirudi darasani, akafungua kalamu zake za rangi, akachora kama kawaida.

Wiki nzima Elinipa hakugusa somo la majira. Lakini watoto ni watoto, wakamsumbua mpaka akakubali. Akasema "Kiangazi!" kwa sauti ndogo. Vyura wakaingia chini ya madawati. Nyumbu na mbayuwayu wakaja kwangu wakikimbia, Nalepo akiwa katikati, na ndoo yangu ikapinduka. Debe likalia. "Nyumbu, rudi! Mbayuwayu, rudi!" Wote wakaondoka kwa kelele, isipokuwa mmoja. Alikuwa amekaa nyuma ya kuni, magoti kifuani.

"Nalepo, nenda, wanakuita," nikamwambia.

"Leo mimi si mbayuwayu."

"Wewe ni nani basi?"

"Mimi ni Lesian."

Darasani walikuwa bado wanaita, na sasa walikuwa wanamwita yeye kwa jina lake, Nalepo, rudi, mvua imenyesha. Elinipa alikuja kumtafuta, debe mkononi, akafika mlangoni akalisikia jibu lile. Akaweka debe chini taratibu. Kisha akaja nyuma ya kuni, akakaa kwenye vumbi karibu na yule mtoto, na hakumwambia arudi.