Maua Aliyoyashika Beryl Mara Moja

Ukitoka Malaba kuelekea Amagoro utaona kibanda kimetundikwa mashada ya maua ya plastiki, meupe na ya zambarau. Hapo ni kwa Amuge. Mimi ni mtu wa kutembea, na mara nyingi nimepumzisha miguu pale nikimshikia waya huku yeye akifunga. Mteja akija analia, Amuge hakumharakisha. Alimuuliza tu, "Ni mzee ama ni mtoto?" kisha akachagua rangi.

Zamani huku kwetu Wateso, ua halikuwa zawadi. Mama yangu alizeeka bila kupewa hata moja. Ukienda kumwona mtu ulibeba kuku, au wimbi la kupikia ajon, ile pombe yetu ya mirija. Maua yalikuja na kanisa. Harusini yakakaa kidogo, makaburini yakakaa sana. Ndiyo maana Mteso akiona maua yanaingia bomani, kwanza anauliza nani amekufa.

Amuge alikuwa na binti mmoja, Beryl, msichana wa kucheka, aliyewauzia chai madereva wa malori kwenye foleni ya mpaka. Hapo ndipo alipopatana na Morris, dereva wa trela, mtu wa Naivasha kwenye mashamba ya maua. Mwaka jana figo za Beryl zilikataa kazi, akalazwa hospitali ya Kocholia.

Jumapili moja nilikuwa nimeenda kumwona. Morris akaingia wodini na maua ya waridi, mekundu, ameyafunga kwa gazeti lililoloweshwa maji. Beryl akajiinua kwa kiwiko, yeye ambaye kugeuka tu kulikuwa kumemshinda.

"Ni yangu?"

"Si yako ni ya nani?"

Akayashika, akayanusa. Mara Amuge akatokea na chupa ya uji, akaganda mlangoni.

"Wewe dereva! Nani amekuambia mtoto wangu amekufa?"

"Hapana, Mama. Nimeleta tu afurahi."

"Afurahi na nini? Si ungeleta hata ndizi!"

Mama mmoja kitanda cha pili akasema, "Msamehe, dada. Huko kwao wanafuga maua vile sisi tunafuga ng'ombe."

Watu wakacheka. Amuge hakucheka. Aliyatoa mkononi mwa Beryl, akaenda kuyatupa kwenye shimo la taka. Sikumlaumu. Kwa miaka yote ile mikono yake haikujua ua lingine ila la maiti. Aliona kama kifo kimemfuata kutoka kibandani mpaka kitandani kwa mtoto.

Morris akaondoka na trela yake, akavuka kwenda Kampala. Jioni Beryl akasema, "Mama, watu wote wa Malaba umewafungia maua. Mimi nilitaka tu yale, nikiwa bado naona."

"Ukipona nitakufungia mpaka uchoke."

Lakini neno hilo lilimkaa Amuge kifuani. Asubuhi moja alichuma yale maua ya manjano yanayoota kando ya reli, akayaficha ndani ya leso, akapanda boda boda. Nesi alimpokea mlangoni kwa wodi, akamshika mkono, akamketisha kwanza.

Siku ya mazishi watu walingoja shada la mama mtu. Hakuleta kitu. Wanawake wakanong'ona, "Fundi wa mashada, na wake anaenda hivyo?"

Jeneza lilipokuwa limeshateremshwa, Morris aliingia bomani akikimbia. Hakuna aliyekuwa amempigia simu; alikuwa amepitia hospitali, na huko ndiko alikoambiwa. Mkononi bado alikuwa na mkate na kichana cha ndizi.

"Mama," akasema, "nilileta ndizi."

Amuge akafungua leso. Yale maua ya reli yalikuwa yamenyauka, mengine yamebaki vijiti.

"Mpelekee wewe, mwanangu," akasema. "Yako alikuwa ameyapokea."

Morris akasogea kaburini na vijiti vile. Amuge akaketi chini, amepakata ndizi.