Hodhi la Bwana Mkubwa

Miaka ya tisini nilikuwa mwashi Homa Bay, na sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau yule afisa aliyenunua nyumba ya zamani juu ya mji. Nyumba ilikuwa imara, kuta nene za mawe, na jikoni mlikuwa na jiko la kuni lililojengewa ukutani, dohani yake ikivuta moshi wote nje. Yeye alikuwa amelala wiki moja kwenye nyumba ya mwenzake Nairobi, akarudi na maradhi ya kutamani vigae vya ukutani.

"Bomoa hili," aliniambia, akilisukuma jiko kwa ncha ya kiatu. "Weka sinki na kabati. Na bafuni nataka vigae na hodhi la kuogea, la rangi ya waridi."

Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, nami nitapikia wapi?"

Mumewe akanijibia. "Gesi."

Nilimwambia gesi hutoka Kisumu na huadimika, na kwamba mfereji wa nyumba ile hutoa maji mara mbili kwa wiki, ukipenda. Akacheka. "Omera, ndugu yangu, wewe ni fundi au injinia?"

Nikabomoa. Najidharau kidogo kwa hilo pia.

Kazi ilipokwisha, alianza kuwaalika watu. Mgeni hakupewa kiti kabla ya kuoneshwa bafu. Waliingia na viatu vyenye matope, wakagusa vigae, wakatikisa vichwa mbele ya hodhi lisilo na tone la maji, naye amesimama kando kama aliyelizaa. Mwenyewe alikuwa akioga kwa karai nyuma ya nyumba, kama sisi sote.

Mwezi wa pili mkewe akaniita, mume akiwa safarini Migori. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu, naye alikuwa akipikia kwenye mafiga matatu chini ya kibanda cha mabati nilichotumia kufunika saruji, mvua ikimpiga mgongoni.

"Nijengee jiko hapa nje," alisema. "Lenye dohani."

"Na mzee?"

"Mzee ana hodhi."

Nilimaliza kwa siku tatu. Afisa aliporudi alilizunguka lile jiko mara moja, akanusa samaki aliyekuwa akichemka, akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata aliniita tule na wakubwa wenzake wawili. Mmoja aliramba vidole, akausifu mchuzi.

"Jiko la kisasa, ndugu yangu," afisa akajibu, akielekeza kidole kwenye kabati. "Chakula hubadilika kabisa."

Nilimtazama mkewe. Hakuinua uso. Alichukua bakuli langu, akaniongezea kichwa cha samaki, kile ambacho kwa desturi humwendea mwenye nyumba.