Puti ya Ukutani kwenye Mlango wa Kanisa

Aibu niliyoipata Kibondo sijamsimulia hata mke wangu aliyeko Tanga, lakini nyie ni watu wangu, acha niseme. Mimi ni mwalimu wa hesabu, useremala siujui, ila nina kiherehere, na kiherehere ndicho kilichonifanya nijitolee kuziba nyufa na kupaka rangi mlango mpya wa kanisa letu.

Mlango wenyewe aliuchonga Mama Daphroza, seremala ambaye wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi, mwanamke mpole anayefumba macho na kupitisha kucha juu ya ubao, akakuonyesha ufa ambao wewe huuoni (nilikuwa nadhani ni mbwembwe). Aliniagiza niende Kasulu kwa wanyoosha magari, ninunue puti yao ya kuzibia nyufa, ile inayochanganywa na kigumishi, kwa sababu mlango hauna kibaraza na mvua inaupiga moja kwa moja. Nikaona Kasulu mbali, na nyumbani nilikuwa na puti ya ukutani iliyobaki, laini kama unga wa muhogo, basi nikaipaka hiyo, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya bluu, na mlango ukang'aa hadi wapita njia wakawa wanasimama kuupapasa.

Jumamosi mvua ikanyesha mchana kutwa. Jumapili askofu akaja kuubariki, watu wamejaa uwanjani, kwaya inaimba, akaweka kiganja juu ya mlango na kuomba, na alipokitoa, rangi ikaja nacho kama ngozi ya maziwa, na nyuma yake puti ikamporomokea kwenye joho, nyeupe, kama ugali usioiva. Kwaya ikanyamaza sauti moja moja. Kisha nikasikia minong'ono nyuma yangu, kwamba ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke kazi ya fundi, na Mama Daphroza alikuwa amesimama palepale, anatazama chini.

Nikatoka mbele. "Baba Askofu, mlango hauna kosa. Mama Daphroza aliniambia puti ya kutumia, mimi nikatumia nyingine."

Askofu akajifuta, akamgeukia Mama Daphroza. "Mama, mlango unaponyeka?"

"Ukikauka, unaponyeka," akajibu.

Tuliusubiri ukauke wiki nzima, nikaifuata puti Kasulu mwenyewe. Mama Daphroza akaikoroga juu ya kipande cha kioo, akaniwekea kidogo kiganjani, nikahisi inapata joto yenyewe kama kitu chenye uhai, na kabla sijamaliza kushangaa ikawa jiwe. Yeye alikuwa ameshaziba nyufa zote. Alipomaliza kusugua kwa msasa nilifumba macho, nikapitisha kucha mlango mzima, juu hadi chini, sikupata mahali ubao ulipoishia na puti ilipoanzia. Nilisimama pale kama niliyeingia kanisani kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo, fundi akiniambia kitu, naandika kwenye daftari, naenda kukinunua hichohicho, hata kiwe Kasulu.