Kizibao cha Mkia

Wiki nzima alikuwa fundi makochi, na wateja walimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso, maana kila walipoingia walimkuta ameinama ndani ya kochi la mtu kama daktari anayetafuta ugonjwa. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba: sponji mpaka darini, gundi ya kupasua kichwa, na misumari midogo aliyoishikilia kwa midomo. Mkewe alisema ndoa yao imedumu kwa sababu ya misumari hiyo. Wikendi alikuwa Mkia.

Cheo hicho alipewa na chama chao cha pikipiki. Mbele alikwenda Mwenyekiti, muuza vipuri mwenye tumbo la kuheshimika. Nyuma kabisa alikwenda Mkia, kula vumbi la wenzake na kuwaokota walioharibikiwa. Walikuwa na utaratibu mmoja, nao waliuheshimu kuliko sheria za barabarani. Kila njia panda ya kukata kona, Mwenyekiti alimwacha mtu mmoja awaonyeshe njia wa nyuma. Mtu huyo haondoki, hata inyeshe mvua ya mawe, mpaka aone kizibao cha njano kinachong'aa. Kizibao ndicho Mkia, na Mkia akishapita, nyuma hakuna mtu. Ukikuta njia panda haina mtu, nyoosha moja kwa moja. Utaratibu huo ulikuwa haujawahi kumpoteza mtu, sifa ambayo kila utaratibu huwa nayo mpaka siku yake ifike.

Asubuhi hiyo shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mkewe, alikuja na pikipiki mpya. Koti jeusi, helmeti nyeusi, buti nyeusi. Ungedhani anakwenda kumzika mtu tajiri.

"Huyu ni kitinda mimba wa mama yangu," mke alimwambia Mkia mlangoni. "Nakukabidhi kwa mikono miwili. Ukirudi bila yeye, usirudi."

"Dada, mimi si mtungi," shemeji akalalamika.

"Mtungi una akili. Ukiuweka mahali, unakaa."

Kwenye kituo cha mafuta, muuzaji alijaza matangi huku akitazama vilima. Wingu lilikuwa limevilalia, zito, halisogei. "Huko juu imenyesha usiku kucha," alisema. "Njia ya mtoni msiiguse."

"Hatufiki mtoni," Mwenyekiti akajibu. "Tunakata kulia kabla."

Kisha akamgeukia shemeji, mgeni wa chama, akamkaririsha: njia panda haina mtu, nyoosha.

Walipoingia mashambani manyunyu yakaanza, na Mkia akagundua kwamba hamwoni shemeji yake. Alikuwa hapo hapo mbele yake, mweusi juu ya lami nyeusi, na lori lililokuja lilikaribia kumpangusa kama vumbi mezani. Mkia akampigia honi, wakasimama kando. Akavua kizibao chake.

"Vaa hiki."

"Si chako hiki, shemeji?"

"Mimi madereva wamenizoea. Vaa, na kaa mbele yangu. Usiniache mbali."

Alifikiri kama shemeji, na kwa dakika hiyo akasahau kwamba yeye ni Mkia. Jambo lenyewe lilionekana dogo.

Mbele kidogo wakamkuta mfamasia, mwanamke pekee chamani, amechuchumaa kando ya pikipiki iliyochomoka mnyororo. Mkia akashuka na spana. Mvua ilikuwa imekaza, na shemeji alikuwa akitetemeka.

"Tangulia polepole," Mkia akamwambia. "Nakuja."

Kazi ya mnyororo haikuchukua muda. Walipofika njia panda, hapakuwa na mtu. Mfamasia akapunguza mwendo, akamtazama. Mkia aliijua njia ile kama ajuavyo chago la kitanda chake, akamwashiria kulia. Huyo aliyewekwa hapa amekimbia mvua, alijisemea, nitamsema. Moyoni kitu kikamgusa, akakisukuma.

Mgahawani pikipiki zilikuwa zimepangwa chini ya paa la mabati. Mwenyekiti alimwona akiingia, akapiga makofi. "Mkia kafika! Tumetimia! Leteni chai!"

Mkia alizipitia pikipiki kwa macho, kisha akazirudia.

"Shemeji yangu yuko wapi?"

"Si yuko nyuma yako?"

"Nyuma yangu hakuna mtu. Ndiyo maana naitwa Mkia."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amewekwa njia panda, akashusha kikombe. "Lakini wewe ulipita. Nilikuona na kizibao, nikaondoka. Ukanifuata. Halafu kwenye kioo nikaona umegeuza, nikasema, Mkia karudi kumsaidia mtu, ndiyo kazi yake."

Helmeti hazina uso. Akilini Mkia alimwona kijana akitazama kioo chake, hakuna mtu nyuma, akakumbuka ameambiwa asimwache mbali, akageuza. Akafika njia panda. Haina mtu, basi Mkia atakuwa amenyoosha, naye anyooshe. Mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kutii chochote alikuwa amechagua siku hiyo kuanza.

"Amenyoosha," Mkia alisema, na alikuwa amekwishawasha pikipiki.

Barabara ya mtoni iliteremka katikati ya mashamba yasiyo na mtu. Kwenye tope kulikuwa na alama ya pikipiki moja, ya kwenda tu. Mngurumo aliusikia kabla ya kuona maji. Daraja lilikuwa zege lililolazwa chini kabisa, na mto ulikuwa ukipita juu yake. Katikati, pikipiki ililala ubavu, na shemeji amekaa kando yake, mguu chini ya chuma, maji kifuani.

Mkia aliingia. Aliinua kwa mgongo ule ule wa makochi. Mguu ukatoka, na maji yakaichukua pikipiki palepale.

"Nilikuwa nakutafuta," shemeji alisema, meno yakigongana.

"Najua."

Wenzao walifika ukingoni. Mwenyekiti akarusha kamba ya kuvutia pikipiki zilizoharibika. Ilikuwa fupi. Akaingia majini mpaka magotini, akarusha tena, Mkia akaidaka na kuanza kumfunga kijana kifuani.

"Anza wewe, shemeji. Una watoto."

"Na wewe una dada. Nyamaza."

Walimvuta. Alizama, akaibuka, akazama, kisha mikono mingi ikamdaka na kumlaza kwenye matope, mzima, anatapika maji. Katikati ya mto Mkia alibaki amesimama, miguu imepanuliwa, gogo limempita upande. Maji yalikuwa yamefika kwapani.

"Rudisheni kamba!" akapaza sauti.

Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti juu ya kijana, akilivuta fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi, kisha kwa meno. Halikulegea. Lilikuwa limelowa, na lilikuwa limefungwa na fundi.

"Kisu!" alipiga kelele. "Nani ana kisu?"

Watu wakaanza kujipapasa mifukoni.